Kuua popo hakumalizi Marburg

Kila ukisikika mlipuko wa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi vinavyobebwa na popo, kama ule wa Kagera 2023, hapa Tanga hakosi mtu kijiweni wa kusema twendeni Amboni tukawachome moto wale popo mapangoni yaishe. Hofu naielewa, watu wanawaza watoto wao, ila jamani kuwaua kunaweza kuzidisha tatizo.

Cheki Uganda, mgodi wa Kitaka. 2007 wachimbaji waliugua Marburg, watu wakawaua popo mpaka 2008 mle ndani kukawa kweupe. 2012 wakarudi wachache, kupimwa, wenye virusi kama asilimia 13 wakati mwanzo walikuwa kama 5 tu, na mwaka huohuo ugonjwa ukalipuka Ibanda, mji wa jirani. Wataalamu wanaona nafasi ikibaki wazi wanahamia popo wageni ambao miili yao haijawahi kukutana na kirusi, basi kinawapitia haraka haraka.

Na hao wa Amboni sijasema wanaumwa. Waacheni tu, msiwashike, na embe lililong'atwa na popo usimpe mtoto hata ukilimenya, litupe.