Kugeuza tangi la maji ya chumvi kuwa la maji baridi: watu huogopa chumvi, kumbe balaa liko kwenye mawe

Karibu kila anayetaka kuacha samaki wa baharini na kuanza kufuga wa maji baridi huuliza swali lilelile: chumvi nitaitoaje? Atasugua kioo siku tatu, atajaza maji na kuyamwaga mara sita, halafu atarudisha ndani mawe yaleyale na mchanga uleule. Wiki ya pili samaki wanaelea juu, naye anailaumu chumvi. Inaniuma kila ninapoliona jambo hili, kwa sababu katika vyote vilivyomo tangini, chumvi ndiyo nyepesi kutoka.

"Kioo na gundi hunywa chumvi, tangi halitasafika tena"

Kioo hakinywi kitu. Silikoni inayounganisha vioo ni ileile inayotumika kwenye matangi ya maji baridi. Tupige hesabu. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, kwa hiyo tangi la lita 100 lina kama kilo 3.5. Mwaga yote, acha lita moja tu pale chini isiyofikiwa na mpira, na kilichobaki ni gramu 35. Jaza maji baridi hadi juu: sasa una gramu 0.35 kwa lita. Wafugaji wa maji baridi huweka gramu 1 hadi 3 kwa lita kwa makusudi wanapotibu samaki. Suuza mara moja zaidi, habari ya chumvi imekwisha. Ila usiliache tangi likauke kwanza ukitumaini chumvi itaondoka na maji. Maji ndiyo huwa mvuke, chumvi hubaki imeganda.

Ule ukoko mweupe au wa zambarau unaogoma kutoka si chumvi. Chumvi ingeyeyuka. Ule ni chokaa, mwingine umejengwa na mwani mgumu wa baharini. Paka siki, subiri, kwangua, suuza. Sabuni isiguse tangi kabisa. Kisha kagua plagi na nyaya kwa makini: chumvi iliyotambaa huko huvuta unyevu, hupitisha umeme na kula metali.

"Nitapunguza chumvi kidogo kidogo, samaki watazoea"

Hawatazoea. Samaki wa baharini anaishi kwenye maji yenye chumvi kuliko damu yake, kwa hiyo maji humtoka mwilini saa zote. Hufidia kwa kunywa bahari, na matamvua yake hutoa nje chumvi iliyozidi. Wa maji baridi ni kinyume chake: maji humwingia tu, hana haja ya kunywa, figo zake hutoa mkojo mwingi mwepesi, na matamvua hunasa chumvi kidogo inayopatikana. Wapo wachache walioumbwa kuvuka mpaka huo, kama salmoni, au moli ambao hufugwa kwenye maji ya aina zote mbili. Wale wadogo wa rangi ya chungwa na mistari myeupe wanaojificha kwenye anemoni hawamo katika kundi hilo. Kuwapunguzia chumvi polepole ni kuwaua polepole. Ile tiba ya kumchovya samaki wa bahari kwenye maji baridi ili vimelea vidondoke ni ya dakika chache tu.

Tafuta mwenye tangi la maji ya chumvi umpe. Usiwamwage baharini, hata kama bahari iko hatua kumi. Samaki wa jenasi ya Pterois, wenye miiba ya sumu, asili yao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mwaka 1985 alionekana mmoja katika maji ya Florida, na wafugaji wa nyumbani ndio wanaoshukiwa kuwa chanzo. Leo wameenea Karibi nzima wakila samaki wachanga wa matumbawe.

"Mawe na mchanga vikioshwa vizuri vinarudi kazini"

Hapa ndipo matangi mengi huharibikia. Mawe hai ya baharini ni mifupa ya matumbawe yenye vitundu vingi, na ndani ya vitundu mna minyoo, wanyama wa baharini waitwao sponji, makombe madogo na bakteria. Maji baridi yakiingia, vyote hivyo hufa mlemle brashi isikofika, na huanza kuoza. Niliwahi kuliacha jiwe moja kwenye ndoo ya maji baridi. Siku ya nne maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, yananuka yai viza, na kipimo cha amonia, sumu inayotokana na uozo, kimefika rangi ya mwisho kwenye kadi. Jiwe lenyewe, kwa nje, lilikuwa safi kabisa.

Tuseme umelianika miezi hadi halinuki. Bado ni chokaa. Lidondoshee siki na uangalie kwa karibu: viputo vidogo vitapanda. Chokaa hiyo huyeyuka taratibu ndani ya tangi, ikapandisha ugumu wa maji na kusukuma pH, kipimo kinachopanda asidi ikipungua, hadi karibu na 8. Ukibadilisha maji leo, kesho kutwa yamepanda tena, kwa sababu mchanga uko palepale. Samaki kama tetra na diskasi, ambao asili yao ni maji laini yenye asidi ya bonde la Amazoni, hawana raha humo. Tena pH inapopanda, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali yake ya sumu, kwa hiyo kosa moja hulipa nguvu la pili.

Wapo wanaoyapenda maji hayo: samaki wa jamii ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9. Kwao mchanga wa matumbawe uliooshwa na kukauka ni mali, na kama mtu hataki kutupa alichonacho, mimi humshauri afuge hao.

"Chemsha mawe, kila kitu kitakufa"

Usichemshe. Tafadhali sana. Baadhi ya mawe huwa na viumbe vidogo vya jamii ya Palythoa, vinavyofanana na vifungo vya nguo, na vingine kati yao hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi za asili. Joto la sufuria haliimalizi. Mvuke huibeba hadi kifuani. Familia zimewahi kulazwa hospitalini kwa sababu ya mawe yaliyochemshwa jikoni. Kuyasugua kwa brashi nako hurusha matone usoni. Vaa glavu na miwani, yaweke nje mbali na watu na wanyama, uyaache. Na ukitumia dawa yenye klorini kusafishia chochote, usiikutanishe na siki: hutoa gesi ya klorini.

"Vifaa vyote vinafaa" na "vifaa vyote ni vya kutupa"

Zote mbili si kweli. Hita na pampu vinaendelea na kazi vikishasafishwa. Skima ya protini haina kazi tena: katika maji ya chumvi viputo hubaki vidogo na kubeba uchafu juu kama povu, lakini katika maji baridi huungana vikawa vikubwa na kupasuka. Taa za buluu za matumbawe hazipendezi kwa mimea; tafuta nyeupe.

Ila uliza jambo moja: je, tangi liliwahi kutibiwa kwa dawa ya shaba? Shaba hunata kwenye mawe na mchanga, kisha hurudi majini kidogo kidogo. Samaki wanaweza kuvumilia kiasi. Kamba na konokono hufa.

"Chujio langu lina bakteria tayari, naweza kuweka samaki kesho"

Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, wa baharini si walewale wa maji baridi. Wakibadilishiwa maji ghafla wengi huacha kazi au kufa, na miili yao huongeza amonia. Osha chujio, weka sponji mpya, uanze upya kama mwenye tangi jipya. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la maji baridi lililokomaa na lenye samaki wazima, muda hupungua sana. Lisha tangi amonia kidogo na upime. Ikisoma 0 siku moja baada ya kuiongeza, na nitriti nayo 0, badilisha sehemu kubwa ya maji na uingize samaki wawili watatu. Wengine wasubiri, maana bakteria huongezeka kwa kadiri ya uchafu wanaoupata, na hilo huchukua siku.