Kiungulia: moto usiokuwa wa moyo

Ukitaka kukijua kiungulia, nenda ukaswali tarawehe baada ya kufuturu kwa pupa. Umeshindilia viazi karai, sambusa, kaimati na bilauri mbili za ukwaju. Katika rukuu ya kwanza unahisi kitu kinapanda. Ukisujudu kinafika kooni, kikali, chenye uchungu, kikichoma nyuma ya mfupa wa kifua. Ndicho hicho. Neno limetokana na kuungua, na limelitaja jambo sawasawa kuliko Kiingereza, kinachokiita “heartburn”, yaani kuungua kwa moyo, kikautwika moyo lawama isiyo yake.

Moyo una kesi yake, na isichanganywe na hii. Kifua kikikubana, maumivu yakatambaa begani, mkononi au tayani, jasho likakutoka na pumzi zikakupaa, usikae kuchemsha tangawizi. Kimbilia hospitali saa hiyohiyo, na ukiwa visiwani tafuta boti usiku huohuo.

Kinachounguza katika kiungulia ni asidi ya tumbo. Tumbo lina utelezi wa ndani unaolikinga. Umio, yaani mrija unaoshusha chakula, hauna kinga hiyo. Baina yake na tumbo pana msuli wa mviringo ulio kama komeo: hufunguka tonge lipite, kisha hujifunga. Komeo likilegea, au tumbo likajaa hadi kulisukuma, asidi hurudi juu. Kwa hiyo nikitajiwa dawa yoyote ya nyumbani, huuliza maswali mawili: inaifanya nini asidi, na inalifanya nini komeo?

Nanaa hufeli hapo. Watu wa Lamu tunaipenda, na kwa tumbo linalosokota inafaa kweli, kwa sababu hulegeza misuli. Lakini hulegeza na komeo pia. Mtu anakunywa chai ya nanaa, anapiga mbweu mbili tatu, anajiona amepona; akijilaza tu, moto unarudi. Maziwa nayo hupoza kwa muda mfupi, kisha mafuta na protini zake huliamsha tumbo litoe asidi nyingine. Ndimu na siki ni kuongeza asidi juu ya asidi, wala sijaona mantiki yake. Kahawa chungu ya barazani huwachoma wengine na wengine haiwagusi, basi kila mtu ajipime mwenyewe.

Bikaboneti, ile soda ya kuumulia keki, inafanya kazi kweli. Nusu kijiko cha chai katika nusu bilauri ya maji huizima asidi kwa dakika chache, nayo hutoa gesi, ndiyo maana utapiga mbweu. Usiinywe tumbo likiwa limefura kwa biriani. Kiasi hicho kina karibu miligramu 600 za sodiamu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie miligramu 2,000 kwa siku nzima. Mwenye presha, mgonjwa wa figo na mjamzito waiache. Magadi ya kupikia maharage si mbadala wake. Na kuna wanaosema chokaa ya tambuu huua asidi: chokaa ni kali kwa mdomo, na popoo inayoandamana nayo inasababisha saratani.

Tangawizi kidogo katika maji ya moto husaidia tumbo kuteremsha chakula. Ukizidisha, yenyewe inaunguza. Kutafuna ubani wa dukani (chingamu) kwa nusu saa baada ya kula, usiwe wa nanaa, ni dawa ambayo wengi huidharau: mate huongezeka, na mate yana bikaboneti yake ya asili inayosafisha umio kila unapomeza.

Dawa yenye nguvu kuliko zote hizo haimezwi. Ngoja saa tatu kati ya chakula na kulala. Mwezi wa Ramadhani hapo ndipo pagumu, maana daku huliwa na mtu akarudi kitandani. Angalau iwe nyepesi. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa vipande vya boriti, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakufai, kwani hukunja tumbo na kulibana zaidi. Kisha lalia ubavu wa kushoto, kwa sababu ukilala hivyo mlango wa tumbo huwa juu ya asidi. Najua tumefundishwa ubavu wa kulia. Hilo nawaachia masheikh.

Kiungulia cha zaidi ya mara mbili kwa wiki kinataka daktari. Mapema zaidi ya hapo, ukishindwa kumeza, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au choo kikawa cheusi kama lami. Na si kila moto ni alsa: alsa ni kidonda, mara nyingi cha bakteria au cha dawa za maumivu, na tiba yake ni nyingine.

Wajawazito ndio huunguzwa zaidi, kwa kuwa homoni hulegeza komeo na mtoto hulisukuma tumbo. Bibi zetu husema, “Mwanangu, huyo ana nywele nyingi.” Watafiti wa Baltimore, Marekani, waliwafuatilia wajawazito 64, na mwaka 2006 wakachapisha walichokiona: waliounguzwa sana ndio hasa waliozaa watoto wenye nywele. Dhana yao ni kwamba homoni zilezile zinazolegeza komeo huenda ndizo zinazootesha nywele za kijusi. Akishazaliwa, mara nyingi kiungulia nacho huondoka.