Umaarufu wa jaribio si kipimo cha uzito wake
Wengi huamini kwamba jaribio la kisayansi linalotajwa mara nyingi ndilo lenye uzito zaidi. Hata hivyo, jaribio la gereza la kuigiza lililofanyika Marekani mwaka 1971, ambalo ni miongoni mwa yanayojulikana zaidi katika saikolojia, lilisitishwa baada ya siku 6, na kumbukumbu zake zilionyesha baadaye kwamba walinzi walihimizwa kuwa wakali. Lile la fizikia la mwaka 1887, lililotafuta athari ya etha (kitu kilichodhaniwa kujaza anga na kubeba nuru) kwenye kasi ya nuru bila kuiona, limerudiwa kwa vifaa bora zaidi na jibu halikubadilika; kwa maoni yangu, hilo ndilo zito. Msomaji anaweza kuangalia idadi ya washiriki, na kama watafiti wengine waliolirudia walipata matokeo yaleyale.