Tunaanza kuhesabu kwa kuchelewa

Mgeni akisikia Iringa inaongoza nchini kwa udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao, haamini. Mahindi, viazi, maharage, parachichi, vyote vinatoka huku. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta takribani asilimia 57 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe na Rukwa ni kama nusu. Wastani wa nchi ni asilimia 30.

Kazi yangu ni lishe ya mama na mtoto, na kama wenzangu nahubiri siku 1000, tangu mimba itungwe hadi mtoto atimize miaka miwili. Siku hizo ni za kweli. Ila mama mwenyewe alishaishi maisha mazima kabla ya siku ya kwanza.

Shika kadi ya mjamzito, ile RCH namba 4. Kwenye vidokezo vya hatari utakuta umri chini ya miaka 20 na kimo chini ya sentimita 150. Muuguzi anamsimamisha mama, anapima: 147. Anaweka alama, anamshauri ajifungulie hospitali. Basi. Dawa ya kimo hakuna. Sentimita zile zilipotea akiwa mtoto mchanga, pengine akiwa bado tumboni, na sasa nyonga yake huenda ni finyu na mtoto wake ana hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa mdogo. Akizaliwa wa kike, habari inaanza upya.

Au chukua foliki asidi, vitamini inayolinda ubongo na uti wa mgongo wa mtoto aliye tumboni. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, wakati wengi hawajajua kama wamebeba. Vidonge vya FEFO (madini chuma na foliki asidi) vya mwezi wa nne vinasaidia damu. Kwa uti wa mgongo vimechelewa. Unga wa viwandani huongezewa virutubishi hivyo, lakini Kilolo na Mufindi watu wanasaga mahindi yao wenyewe kwenye mashine ya kijijini. Tena wanakoboa kwanza wapate sembe nyeupe, pumba apewe nguruwe. Nguruwe wetu wanakula vizuri sana.

Mtoto asipokua, utasikia kabemendwa. Wazazi wanalaumiwa kwa mambo ya chumbani, na hakuna anayeuliza kuhusu uji mweupe anaoshindia mama akiwa shambani tangu alfajiri.

Pengo kubwa naliona kati ya miaka mitano na mimba ya kwanza. Kadi ya mtoto inaingia sandukuni, na binti anarudi kliniki akiwa na tumbo. Katikati hapo amerefuka kwa kasi, amevunja ungo, anapoteza madini chuma kila mwezi, na pengine amepelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Karibu mara pekee tunapomfuata ni chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza nchi nzima mwaka 2018 na sasa ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wauguzi wako shuleni tayari, mabinti wamepanga foleni. Siku hiyo hiyo wapimwe kimo na wingi wa damu, na wenye upungufu waanze vidonge.

Baada ya kujifungua ni hivyo hivyo. Aliyepata kifafa cha mimba ana hatari kubwa zaidi ya presha na ugonjwa wa moyo miaka ya mbele, lakini siku 42 zikiisha tunamwona kama msindikizaji wa mtoto tu. Anapoleta mtoto kupimwa uzito, afungwe mkono apimwe presha. Mashine iko mezani.