Fremu ni nini, na kwanini kutoa picha kwenye video si sawa na kupiga skrinishoti

Shangazi yangu alinipa simu yake akaniambia "baba, hebu nitolee picha ya bibi yako humu". Ilikuwa video ya harusi, bibi kakaa mkekani na wenzake, kanga imemshuka begani, anapiga vigelegele huku anacheka, na sisi picha zake zingine zote ni za paspoti, kakaza uso. Shangazi alishajaribu mwenyewe, anasimamisha video, anapiga skrinishoti, na kila akipiga anapata uso umepakazika kama mtu kapitisha kidole kwenye rangi mbichi. Akajua video ni mbovu, kumbe nzima kabisa.

Video ni picha mnato nyingi zinazopitishwa haraka machoni mpaka ubongo unaona mwendo. Kila picha moja kati ya hizo ndo inaitwa fremu. Sinema kwa kawaida ni fremu 24 kwa sekunde, televisheni ya kwetu ya mfumo wa PAL ilikuwa 25, simu nyingi zinarekodi 30. Kwa hiyo dakika kumi za video ya fremu 25 ni fremu 15,000. Kutoa picha kwenye video maana yake ni kuchagua fremu moja kati ya hizo elfu kumi na tano na kuihifadhi peke yake kama faili la picha, kwa ukubwa uleule iliorekodiwa nao.

Hapo kwenye ukubwa ndo skrinishoti inapofeli, maana skrinishoti inapiga kilichopo kwenye kioo cha simu, haigusi kilichopo kwenye faili. Chukua video ya full HD, ni pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, yani zaidi ya milioni mbili. Ukiiangalia kwenye simu yenye kioo cha upana wa pikseli 720 umeishika wima, video inabanwa kwenye kile kipande chembamba cha katikati, 720 kwa 405, hazifiki hata laki tatu. Umeondoka na moja ya saba ya picha, afu unazuumu uso wa mtu unashangaa kwanini kumejaa ukungu.

Lkn kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui na mi naona ndo tamu kuliko yote. Fremu hazihifadhiwi zote nzima nzima. Piga hesabu, fremu moja ya full HD bila kubanwa ni kama MB 6, saa moja ni fremu 90,000, hiyo inakaribia GB 560, nani ana flashi ya hivyo. Kwa hiyo kodeki, yani njia ya kubana video, kama H.264, ile iliyotoka 2003 na bado iko kwenye simu karibu zote, inahifadhi fremu moja nzima, mi naziita fremu mama, halafu zinazofuata inaandika mabadiliko tu. Ukuta nyuma ya bibi haujasogea, haina haja ya kuuandika tena, kinachoandikwa ni kwamba mkono umetoka hapa umekwenda pale. Baada ya sekunde moja mbili, au zaidi inategemea na aliyeitengeneza, inakuja fremu mama nyingine.

Ndo maana ukiburuza kile kidoti cha chini kwa kidole mara nyingi programu inakurusha kwenye fremu mama ya karibu kwasababu ndo rahisi kuifungua, na lile cheko ulilokuwa unalitafuta liko katikati, unalipita kila mara. Dawa yake ni kusogea fremu moja moja. Kwenye kompyuta fungua video kwa VLC (programu ya kuangalizia video), simamisha kabla kidogo ya pale unapopataka, bonyeza E, kila ukibonyeza inakwenda fremu moja mbele. Ukiipata bonyeza Shift na S (kwa Windows), picha inajihifadhi yenyewe, na inatoka kwenye fremu, haitoki kwenye kioo.

Kupakazika nako kuna sababu yake. Kamera ya video ikirekodi fremu 25 kwa sekunde kwa kawaida inaacha mwanga uingie kama sehemu ya 50 ya sekunde kwa kila fremu, na usiku kwenye taa za ukumbini ndo haiwezi kwenda haraka zaidi ya hapo. Muda huo ni mwingi sana kwa mkono unaopunga. Hakuna programu itakayokurudishia uso uliopita mbele ya kamera ukikimbia, kwa hiyo usihangaike na fremu ya katikati ya mwendo, tafuta pale mwendo unapogeuka. Mkono ukifika juu kabisa kabla haujashuka unasimama kidogo, mtu akimaliza kucheka kabla ya kuvuta pumzi anatulia kidogo, fremu nzuri zinakaa hapo.

Kama video yako ni ya kanda za zamani au DVD, kuna ugonjwa mwingine, unaona kingo za mkono zimechanika kama meno ya kitana. Hiyo ni kwasababu fremu moja ilikuwa nusu mbili zilizorekodiwa kwa nyakati tofauti, mistari ya shufwa na ya witiri, zikasukwa pamoja. Washa Deinterlace kwenye VLC, ndo inayoondoa hayo meno, kabla ya kutoa picha.

Na faili lenyewe liwe la asili jamani. Video ya shangazi ilikuwa imeshapita kwenye magrupu ya WhatsApp mara sijui ngapi na huko zinabanwa. Nikamtafuta binamu mwenye flashi ya mpiga video, ndani ikawa full HD. Ukitumiwa mwambie mtu atume kama dokyumenti.

Pale kwenye vigelegele sikutaka kubahatisha, nikatoa fremu zote za sekunde tatu kwa ffmpeg, ambayo ni programu ya bure ya kuandika amri:

ffmpeg -ss 00:14:20 -t 3 -i harusi.mp4 bibi_%03d.png

Maana yake nenda dakika ya 14 na sekunde ya 20, chukua sekunde tatu, kila fremu itoke kama picha yake. Nimeweka PNG kwasababu haipunguzi kitu, JPEG inabana tena kilichokwisha kubanwa. Zikatoka picha 75 kwenye folda. Shangazi akakaa anazipitia moja moja, nyingi mkono umefuta nusu ya uso, akafika ya 52, bibi kamaliza kigelegele, mdomo bado uko wazi, macho yameangalia kamera. Akasema hii hapa.

Tukaisafisha 4 kwa 6. Alitaka kubwa ya kuweka sebuleni nikamkatalia, maana ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, pikseli 1920 zinatosha inchi sita na kidogo tu, ukiipeleka A4 uso unaanza kulainika, na alichokuwa anakitaka shangazi ni ule uso.