Paka Mwenye Ugonjwa wa Figo Usio Mkali: Maswali na Majibu kwa Wafugaji wa Kisumu

Hapa Kisumu paka wengi huletwa nyumbani kwa sababu ya panya, kisha huzoeleka na kuwa wa familia. Akishapita umri wa miaka 10, figo ni miongoni mwa viungo vinavyoanza kumsumbua mara nyingi. Majibu haya yanamhusu paka ambaye daktari wa mifugo amekwisha kumpima damu na mkojo, akasema figo zake zimedhoofika kwa kiasi kidogo.

Swali: Daktari amesema paka wangu yuko katika hatua ya 2. Maana yake ni nini?

Jibu: Ugonjwa sugu wa figo kwa paka hugawanywa katika hatua 4, hasa kwa kuangalia kreatinini, yaani taka itokayo kwenye misuli ambayo figo hupaswa kuichuja kutoka katika damu. Hatua ya 2 ni pale kreatinini inapokuwa kati ya mikromoli 140 na 250 kwa lita, au kati ya miligramu 1.6 na 2.8 kwa desilita, kutegemea jinsi maabara inavyoandika. Kreatinini huchelewa kupanda: inapovuka kiwango cha kawaida, sehemu kubwa ya figo imekwisha kupoteza kazi, na sehemu hiyo hairudi tena. Hata hivyo, paka wengi walio katika hatua hii huishi miaka kadhaa wakila vizuri na kuruka juu ya kabati kama kawaida yao.

Swali: Anakunywa maji mengi mno. Je, nimpunguzie?

Jibu: Hapana, hata kidogo. Figo zilizodhoofika hushindwa kuyabakiza maji mwilini, hivyo paka hutoa mkojo mwingi na mwepesi, kisha hulazimika kunywa ili kufidia yaliyopotea. Dalili hii huonekana kwanza katika beseni la mchanga anamojisaidia, ambapo donge la mchanga uliolowa lililokuwa na ukubwa wa ndimu hufikia ukubwa wa chungwa. Ukitaka kupima, mwekee maji kutoka katika chupa ya nusu lita, na kesho yake saa ileile urudishe chupani yaliyobaki. Paka wa kilo 4 anayekunywa zaidi ya mililita 200 kwa siku amevuka kiwango cha kawaida waziwazi. Kwa kuwa joto la huku hukausha maji upesi, weka bakuli jingine la namna hiyo mahali asipoweza kulifikia, ujue ni kiasi gani kimepotea hewani. Mwekee bakuli 2 au 3 za maji safi, mbali na chakula na mbali na beseni la mchanga.

Swali: Amezoea omena na mgongo wazi. Je, aendelee kula?

Jibu: Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa maana chakula kinachopatikana kwa bei nafuu sokoni ndicho kisichomfaa. Omena huliwa mzima pamoja na kichwa na mifupa, na mfupa umejaa fosforasi, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa. Akikaushwa, maji hutoka na madini hubaki, kwa hiyo kiganja kimoja cha omena mkavu kina fosforasi nyingi kuliko kinavyoonekana, na wengine hutiwa chumvi pia. Mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu kuondolewa, una tatizo lilelile, na ukipikwa kwa kitunguu huongeza hatari nyingine, kwani kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka.

Kilicho bora ni chakula maalumu cha paka wenye ugonjwa wa figo, ambacho kina fosforasi ndogo na protini ya kiasi. Bei yake ni kali, hilo halifichiki. Ikiwa hukimudu, zungumza na daktari kuhusu minofu ya samaki au kuku asiye na mifupa, iliyochemshwa bila chumvi na maji yake kumwagwa, pamoja na ute mweupe wa yai lililopikwa, ambao una protini nzuri na fosforasi kidogo sana. Daktari ndiye atakayepanga virutubisho vya kuongeza, kwa sababu nyama tupu haimtoshi paka. Usimnyime nyama kabisa ukidhani unazipumzisha figo, maana atakonda misuli. Badilisha chakula polepole kwa wiki kadhaa, ukichanganya kipya na cha zamani. Akikataa kabisa, mrudishie cha zamani wakati mnatafuta njia nyingine: paka asiyekula kwa siku kadhaa anaweza kujaa mafuta kwenye ini, na hilo huua upesi kuliko omena.

Swali: Akionekana ana maumivu, naweza kumpa dawa yetu?

Jibu: Usimpe. Parasetamoli ni sumu kwa paka hata kwa kiasi kidogo, nayo ibuprofeni na diklofenaki huharibu figo moja kwa moja. Maua ya yungiyungi yanayouzwa katika shada nayo ni hatari kubwa, hata chavua yake na maji ya chombo yalimokaa. Lile yungiyungi linaloelea ziwani ni mmea mwingine.

Swali: Je, ugonjwa huu unaambukiza watoto?

Jibu: Hapana.

Swali: Nimrudishe kwa daktari lini?

Jibu: Kwa kawaida kila baada ya miezi 3 hadi 6, apimwe damu, mkojo na shinikizo la damu, kwa kuwa shinikizo likipanda sana paka anaweza kupofuka ghafla. Usingoje miadi akitapika mara kwa mara, akiacha kula siku nzima, akishindwa kukojoa, au akianza kujigonga ukutani. Nyumbani mpime uzito kila wiki 2: simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha simama peke yako, utoe tofauti, mizani ya watoto wachanga ni sahihi zaidi. Akishuka kutoka kilo 4.2 hadi 3.9, gramu hizo 300 ni sawa na mtu wa kilo 70 kupoteza kilo 5, kwa hiyo mpigie daktari siku hiyohiyo.