Kabla ya kushika leza: namna ninavyowafundisha maofisa wa afya ya kinywa

Mimi ni daktari wa meno niliyebobea katika magonjwa ya fizi, na sehemu ya kazi yangu hapa Kisumu ni kuwafundisha maofisa wa afya ya kinywa, yaani wale wenzetu wanaopima fizi, wanaokwangua ukoga na kumwelekeza mgonjwa namna ya kupiga mswaki ipasavyo. Swali wanaloniuliza zaidi siku hizi ni lini watashika leza, yaani mashine inayotibu kwa mwale mkali wa mwanga. Jibu langu halijabadilika: ataishika yule ambaye vidole vyake vimekwisha kujua kuutambua ukoga mgumu uliojificha chini ya ufizi, mahali ambapo jicho halifiki.

Ukoga laini usipoondolewa hugeuka kuwa mgumu, fizi huvimba na kutoka damu, na baadaye hujitenga na jino, pakatokea mfuko ambamo bakteria huzaliana huku mfupa unaolishikilia jino ukiliwa kidogo kidogo. Katika fizi zenye afya, kijiti cha kupimia kinachopitishwa kati ya ufizi na jino huzama milimita 1 hadi 3 tu. Mfuko unapofika milimita 6 au zaidi, hali ni mbaya, na tiba ya msingi ni kuusafisha mzizi wa jino kwa kikwanguo cha mkono au kwa mashine ya mtetemo. Hakuna mwale uliokwisha kuchukua nafasi ya kazi hiyo. Mwongozo wa matibabu uliotolewa mwaka 2020 na Shirikisho la Ulaya la wataalamu wa fizi unapendekeza leza isiongezwe katika usafishaji wa chini ya ufizi, kwa kuwa ushahidi wa manufaa yake ya ziada hautoshi. Nawasomea wanafunzi pendekezo hilo siku ya kwanza kabisa, maana wao ndio watakaoulizwa na mgonjwa kama inafaa alipe zaidi ili atibiwe kwa mwanga, na mgonjwa huyo anastahili kuambiwa ukweli.

Kwa nini basi niwafundishe? Kwanza, mashine zenyewe zimekwisha kuingia katika kliniki, na leza iliyo mikononi mwa mtu asiyefundishwa huunguza. Pili, leza ina kazi ambayo inaifanya vizuri, kama vile kukata ufizi uliokua kupita kiasi kwa sababu ya dawa za kifafa au za shinikizo la damu, huku damu ikitoka kidogo tu. Upasuaji huo ni wa daktari, lakini afisa anayemsaidia hana budi kuelewa kinachotendeka.

Somo linalochukua muda wangu mwingi ni lile la urefu wa mawimbi. Leza ya daiodi, ambayo ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayopatikana zaidi, hutoa mwale wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 810 hadi 980 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na mwale huo hufyonzwa na vitu vyenye rangi: himoglobini, yaani wekundu wa damu, na melanini, yaani weusi wa asili wa ngozi na fizi. Leza ya ebiamu, yenye nanomita 2,940, hufyonzwa na maji, na inaweza hata kuondoa ukoga mgumu, ila gharama yake ni kubwa mno kwa kliniki nyingi. Daiodi haiondoi ukoga mgumu. Huupasha moto, na joto hilo huingia kwenye mzizi. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba kikwanguo kitangulie.

Hapa ndipo naomba wenzangu wanaofundisha wanisikilize kwa makini. Wagonjwa wengi tunaowatibu Kisumu, Siaya, Busia na Kakamega wana fizi nyeusi au zenye mabaka meusi, na hiyo ni rangi ya kawaida wala si ugonjwa. Melanini hiyo huufyonza mwale wa daiodi kwa wingi, hivyo nguvu ambayo ufizi wa waridi ungeistahimili inaweza kuuchoma ufizi mweusi. Viwango vilivyopangwa tayari na mtengenezaji visifuatwe kwa kubonyeza kitufe tu. Mwanafunzi huanzia chini, huutazama ufizi, huongeza nguvu hatua kwa hatua, na husimama mara aonapo ufizi unageuka kuwa mweupe. Akumbuke pia kwamba mgonjwa aliyechomwa sindano ya ganzi hawezi kumwonya kuwa anaungua.

Mazoezi hufanywa kwenye taya la nguruwe, na kwa wasiomgusa mnyama huyo, taya la kondoo linafaa vilevile. Mwanafunzi hujifunza kuupitisha uzi mwembamba wa kioo, ule unaoupeleka mwale ndani ya mfuko, sambamba na mzizi, kuusogeza bila kuutuliza mahali pamoja, kuuzuia usifike kitako cha mfuko, na kuifuta ncha yake kila mara, kwa maana damu iliyoungulia hapo huongeza joto.

Kuhusu macho sina msamaha. Leza hizi ni za daraja la 4, lenye hatari kubwa kuliko yote, na mwale wa daiodi hauonekani ilhali unaweza kuharibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, papo hapo. Miwani ya kinga lazima iwe ya urefu uleule wa wimbi, na ivaliwe na mtoa tiba, msaidizi, mgonjwa na hata mama aliyemleta mtoto wake. Mlango ufungwe na kuwekwa alama ya onyo, spiriti iwe mbali, na moshi unyonywe karibu kabisa na ncha, kwa kuwa una chembe ambazo hazifai kuvutwa.

Baada ya tiba, mfuko huachwa upone, kisha hupimwa upya takriban miezi 3 baadaye. Katika faili nataka kuona aina ya leza, nguvu kwa wati, muda, unene wa uzi, rangi ya ufizi, na vipimo vya mfuko kabla na baada, vyote vikiwa na sahihi ya daktari aliyesimamia.